Manjaniki: neno lilitokea wapi, na ile "m" ya mwanzo ni ya nani?

Bin Kitabu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Ijumaa iliyopita baada ya Isha nilikwenda darsani na mjukuu wangu. Sheikh alikuwa anasimulia kisa cha Nabii Ibrahim, amani iwe juu yake: alivyovunja masanamu, alivyohukumiwa kuchomwa, moto ulivyokokwa hadi waliouwasha wenyewe wakashindwa kuusogelea, ndipo akatiwa kwenye manjaniki akarushwa katikati ya ndimi. Mtoto akanivuta kanzu. "Babu, manjaniki ni nini?" Nikamwambia ni mtambo wa kurushia mawe wa vita vya zamani, wa kuvunjia kuta za miji. "Kwa nini unaitwa hivyo?" Hapo nikakohoa.

Nimehangaika wiki nzima. Kwanza nimegundua Qur'ani yenyewe haiutaji mtambo huu kwa jina. Surat As-Saffat aya ya 97 inasema wale watu waliamrishana wamjengee jengo kisha wamtupe motoni. Surat Al-Anbiya aya ya 69 moto unaambiwa uwe baridi na salama. Manjaniki imeletwa na wafasiri, na wapo wanaotaja hadi fundi aliyeibuni, Mkurdi aliyeitwa Hizan.

Pili, nimekutana na kauli ya al-Jawhari, mwanakamusi mkubwa wa karne ya 10. Yeye anasema neno limetoka Kiajemi, "man chi nik", yaani "mimi nilivyo mzuri!" Kwamba mtambo unajisifu wenyewe. Nimecheka, lakini roho inasita. Mwenye elimu ya haya mambo atusaidie. Naomba kuwasilisha.

Fundi Spana

Mkuu hapo hakuna siri. Manjaniki ni makanika. Tamka taratibu: ma-ka-ni-ka, ma-nja-ni-ki. Mmoja ni mashine, mwingine ndiye anayeijua. Niko gereji mwaka wa 19 sasa, kumbe nilikuwa na cheo cha kijeshi sijui.

Kalamu ya Tanga

Nimekaa hapa na kahawa. Uzi utakuwa mtamu huu.

Mzee wa Kijiweni

Fundi, umebisha hodi nyumba ya jirani. Makanika imetufikia kwa Waingereza, lakini shina lake ni Kigiriki "mekhane", ambalo kwa Kilatini likawa "machina" na kwetu tukapata mashine. Manjaniki nayo asili yake ni Kigiriki, ila neno jingine kabisa: "manganon". Wagiriki walitumia yote mawili kwa mitambo, ndiyo maana yanakaa kama ndugu. Si ndugu. Ni wapangaji wa nyumba moja.

Njia iliyopita manjaniki ni hii. Kutoka "manganon" Wagiriki wakapata "manganikon", kitu cha jamii ya manganon. Likaingia Kiaramu, lugha iliyosemwa Shamu na Iraki kabla ya Uislamu, na kutoka huko Waarabu wakalipokea: "manjaniq". G ya Kigiriki imekuwa jim, k imekuwa qaf. Mabadiliko haya si ya kubuni kwa ajili ya neno moja, yamepitia maneno chungu nzima. "Geographia" kwa Waarabu ni "jughrafia". "Kanon" imekuwa "qanun", na sisi tukapata kanuni. "Mousike" imekuwa "musiqa".

Na bunduki je? Kiarabu "bunduq" ni tunda gumu kama njugu, nalo jina lake linarudishwa kwa Wagiriki walioziita njugu za Ponto, ile Ponto ya pwani ya Bahari Nyeusi ambayo wasomaji wa Matendo ya Mitume wanaikumbuka. Kutoka njugu likaja kuwa jina la vidonge vya udongo vya kurusha kwa upinde, na mwisho silaha ya baruti. Kwa hiyo tunaposema bunduki, mdomoni tuna karanga za Wagiriki.

Kauli ya al-Jawhari iheshimiwe kwa umri wake, lakini ni hadithi iliyotungwa baada ya neno kusikika. Ni sawa na mtu kukwambia Dodoma ilipewa jina na tembo aliyezama. Inapendeza, watoto wanaipenda, basi.

Ustadh wa Baraza

Assalaam alaykum. Mzee kasema kweli, nami niongeze upande wa Kiarabu, maana hapo ndipo penye utamu.

Wanachuoni wetu walijua mapema kwamba neno hili ni la kuja. Hawakuhitaji kusoma Kigiriki. Al-Jawaliqi wa Baghdad, karne ya 12, aliyeandika kitabu kizima cha maneno ya kigeni yaliyoingia Kiarabu, anatoa kipimo: jim na qaf hazikutani katika neno moja la Kiarabu asilia. Ukizikuta pamoja, jua huyo ni mgeni. Manjaniq ina zote mbili. Imekamatwa mlangoni.

Lakini mjadala mkali ulikuwa juu ya herufi ya kwanza. Mim ya "manjaniq" ni ya shina au ni nyongeza? Kwa wasiosoma sarufi ya Kiarabu: mim ya nyongeza ni jambo la kila siku kule. Inaunda majina ya vyombo, mahali na watenda. Misumari tunayopigilia asili yake ni "mismar". Mahali pa kusujudu ni "masjid", kwetu msikiti. Anayefundisha ni "mu'allim". Katika yote hayo mim si ya shina.

Sibawayh, imamu wa nahau, naye mwenyewe alikuwa mtu wa Uajemi, alisema mim ya manjaniq ni ya shina na nuni inayofuata ndiyo nyongeza. Hoja yake: wakisema mingi wanasema "majaniq". Nuni imeanguka, mim imebaki. Kinachobaki wakati wenzake wanaanguka ndicho cha shina.

Wengine wakapinga, na ushahidi wao ni Mbedui. Aliulizwa kuhusu vita vyao akajibu kwa maneno ya vina, akasema mara tunapigwa mishale na mara "nujnaqu", yaani tunapigwa manjaniki. Umeona alichofanya? Kaing'oa mim na nuni zote mbili akabaki na j-n-q, kisha akatengeneza kitenzi. Kwake yeye "man" ya mwanzo haikuwa lolote.

Fundi Spana

Ustadh, hiyo ya Mbedui ni sisi kabisa. Gari lina madigadi mawili ya mbele. Likivunjika moja tunasema digadi. Neno la Kiingereza, "mudguard", halina "ma" ya wingi hapo, ile "ma" ni ya "mud", tope lao. Sisi tumeikata kama kitunguu.

Kalamu ya Tanga

Na kipilefti! Kimoja kipilefti, viwili vipilefti. Wenye lugha yao walikuwa wanaandika amri ya kushika kushoto, sisi tumeona "ki" tukasema karibu nyumbani.

Ustadh wa Baraza

Ndiyo hasa. Na msikiti? Mim ya Kiarabu tumeifanya m yetu, wingi misikiti. "Mu'allim" amekuwa mwalimu, wingi walimu, na kazi yake ualimu. Katika ualimu mim imetoweka kama kwa yule Mbedui. Mhandisi vilevile: "muhandis" wa Waarabu, ambao walilichota kwa Waajemi kwenye "andaza", kipimo. Sisi tunasema wahandisi, uhandisi, na hakuna anayelia.

Nyuki Mkali

Samahani naingia kwa kuchelewa. Mzee wa Kijiweni, hiyo manganon ilikuwa na maana gani kwao Wagiriki kabla haijawa mtambo wa vita?

Mzee wa Kijiweni

Swali zuri dada. Inakwenda pamoja na dawa ya kupumbaza: limbwata, hirizi, kiini macho. Kitenzi "manganeuein" ni kufanya mazingaombwe, kudanganya watu kwa madawa na hila. Kutoka hila ya dawa ikawa hila ya fundi: kapi la kunyanyulia mzigo, roda, winchi, kisha mitambo ya vita. Hadi leo Wagiriki kisima chenye gurudumu la kuvutia maji wanakiita kwa jina la ukoo huo.

Nyuki Mkali

Ngoja ngoja ngoja. Dawa. Hirizi. MANGANon. MGANGA.

Wakuu mnaona ninachokiona? Neno ni letu! Wagiriki walisoma Misri, Misri ni Afrika, wamebeba uganga wetu wakaufanya mtambo wa mawe, Waarabu wakauchukua, leo tunauziwa tena kwenye darsa. Hii lazima iandikwe.

Kalamu ya Tanga

😂😂 Uzi umefika patamu.

Mombasa Damu

Dada yuko sawa bana. Na mkikataa, basi ni "ya Manga". Manjaniki, kitu cha Manga, kama pilipili manga. Wamanga walikuja nayo.

Mzee wa Kijiweni

Nitajibu polepole kwa sababu hoja ya Nyuki si ya kijinga. Maana zinafanana kweli na sauti zinafanana kweli. Hata mimi mara ya kwanza niliposoma niliweka kalamu chini nikatembea uani.

Tatizo ni ileile m tunayobishania tangu asubuhi.

M ya mganga ni kiambishi. Mmoja mganga, wengi waganga, kazi yake uganga, kitenzi kuganga. "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo": hapo m iko wapi? Shina ni -ganga. Ukienda kwa ndugu zetu unalikuta shina hilohilo na nguo nyingine: Wakongo wana nganga, Wachewa wana sing'anga, Washona wana n'anga. Limeenea nusu ya bara na kokote uendako ile m yetu haipo, kwa sababu kila lugha imelivika kofia yake. Kama Wagiriki wangelichukua kwetu, wangelichukua likiwa na kofia ipi? Ya Waswahili? Manganon inatajwa na waandishi wa Kigiriki karne nyingi kabla hapajakuwa na mji wa Waswahili hata mmoja.

Kwao m ni ya shina, haing'oki. Ukiifuata nyuma unakuta ndugu zake katika lugha za mbali za ukoo wao: Kiairishi cha kale kina "meng", hila. Zote zinaanza na m. Huwezi kumchukua mtoto ambaye jina lake ni Musa ukasema ni ndugu wa Usa.

Maneno mawili kufanana sauti na maana bila undugu hutokea. Lugha ni nyingi, sauti za kinywa ni chache.

Na Mombasa Damu: Manga imetoka kivyake, ni jina letu la upande wa Arabuni. Waarabu wenyewe hawajiiti Manga, watalitumiaje kuita mtambo wao? Pilipili manga hata haioti Arabuni. Ilifika kwetu kwa majahazi yao tu.

Nyuki Mkali

Nimekubali kwa shingo upande. Lakini nitaendelea kuota.

Kobe Polepole

Wakuu, nimesoma kurasa zote, mmegombania herufi moja mkasahau mtambo wenyewe. Jina limetulia mahali pamoja miaka elfu lakini kitu chini yake kimebadilika mara tatu.

Mitambo ya kale ya Wagiriki ilitumia nguvu ya kamba zilizosokotwa za mishipa ya wanyama au nywele. Ukiisokota mpaka mwisho kisha ukaiachia, mkono unaruka. Hadithi yake inaanzia Syracuse, mji wa Wagiriki kisiwani Sicily, mwaka 399 KK. Mtawala wao Dionysius alijiandaa kupigana na Carthage, akakusanya mafundi kutoka kila upande kwa mishahara minono, wakamtengenezea "katapeltes". Zile za mwanzo zilikuwa karibu na upinde mkubwa, kamba za kusokota zikafuata. Plutarch anasimulia kwamba mfalme Archidamus wa Sparta alipoonyeshwa mshale wa mtambo huo uliotoka Sicily, alipiga kelele kwamba ushujaa wa mwanamume umekwisha. Warumi nao wakawa na "ballista", nayo Kigiriki, kutoka kitenzi cha kurusha. Mwingine wakauita "onager", punda mwitu. Ammianus Marcellinus, askari aliyeandika historia katika karne ya 4, anasema ni kwa sababu punda mwitu akiwindwa huwarushia wawindaji mawe kwa mateke. Aliyeuona mtambo ule ukirusha mkia juu kila unapofyatuka hakuhitaji maelezo zaidi.

Mtambo walioujua Waarabu si huo wa kamba. Ni boriti ndefu iliyokaa juu ya kiunzi kama pembea ya watoto, upande mmoja mrefu, upande mmoja mfupi. Mwisho wa upande mrefu panafungwa kombeo lenye jiwe. Upande mfupi una kamba nyingi, na kila kamba ina watu. Wakivuta pamoja, boriti inapaa, kombeo linazunguka, jiwe linakwenda. Ubunifu huu ni wa Wachina, umeelezwa katika maandiko ya wafuasi wa Mozi, mwanafalsafa wao wa kale, kabla ya Kristo. Ulifika Bahari ya Kati mwishoni mwa karne ya 6 pamoja na Waavari, wapanda farasi wa nyika za Asia, waliokuwa wanashambulia Wabizanti, yaani Warumi wa Mashariki. Askofu mkuu wa Thesalonike, ndiyo, Thesalonike ya nyaraka za Paulo, aliushuhudia mji wake ukizingirwa akaeleza mitambo hiyo ikirusha mawe kama mvua.

Kwa hiyo Waarabu walipata jina kutoka upande mmoja na mtambo kutoka upande mwingine. Ibn Hisham anasimulia kwamba Mtume aliitumia Taif, mwaka wa 8 Hijria. Mwaka 692 al-Hajjaj, jemadari wa makhalifa wa Umayya, aliipanda juu ya mlima Abu Qubays akaipiga Makka yenyewe, na wapo Waislamu ambao mpaka leo hawajamsamehe. Miaka kama 20 baadaye, Muhammad bin al-Qasim alipozingira Debal huko Sindh, al-Baladhuri anasema alikuwa na manjaniki iliyoitwa al-Arus, Bibi Harusi, ikivutwa na watu 500. Bibi harusi wa kuvutwa na watu 500, sijui mahari yake.

Fundi Spana

Watu 500 kwenye kamba! Hapo tatizo si nguvu, ni kuvuta kwa pamoja. Mmoja akichelewa umeharibu shabaha. Walikuwa wanaimba lazima, kama wavuvi wanavyovuta jarife.

Kobe Polepole

Fundi umegusa ndipo penyewe. Hilo ndilo lililoleta badiliko la tatu. Kufikia karne ya 12 watu wa kuvuta wakaondolewa, upande mfupi ukafungwa kasha zito la mawe au udongo. Unanyanyua kasha juu, unaufunga mkono mrefu chini kwa kitasa, unafungua kitasa, kasha linashuka lenyewe. Uzito haulewi wala hauchoki, na kila mara unashuka vilevile, kwa hiyo jiwe la pili linaanguka palepale pa kwanza. Ukuta hauvunjwi na jiwe kubwa moja, unavunjwa na mawe mengi yanayopiga sehemu moja.

Mardi al-Tarsusi alimwandikia Salah al-Din kitabu cha silaha, mle anazitenganisha manjaniki za Kiarabu, za Kituruki na za Kifaranji. Mwaka 1291 Wamamluki, watawala wa Misri, walipokwenda kuitwaa Akka, ngome ya Wapiganaji wa Msalaba pwani ya Palestina, Abu al-Fida, aliyekuwa kijana msafarani, anasimulia jinsi walivyosomba vipande vya manjaniki moja iitwayo al-Mansuri kwa mikokoteni. Mvua, baridi, ng'ombe wakafa, na safari ya siku nane ikawachukua mwezi.

Sasa kisa ninachokipenda. Wamongolia walikuwa wameuzingira mji wa Xiangyang huko China kwa takriban miaka mitano bila kuingia. Kublai Khan akaletewa mafundi wawili Waislamu kutoka magharibi, Ismail na Ala al-Din. Wakaunda mtambo wa kasha zito, na mwaka 1273 mji ukasalimu amri. Wachina wakauita "Huihui pao", pao (mtambo wa kurushia mawe) ya Waislamu. Mtambo ulioondoka China na kamba ulirudi na kasha, na wenyeji hawakumtambua mtoto wao.

Mombasa Damu

Kobe, nauliza kwa nia njema. Fort Jesus ilizingirwa miaka karibu mitatu, 1696 hadi 1698. Waomani walitumia manjaniki?

Kobe Polepole

La. Karne hiyo mambo yalikuwa baruti. Ngome yenyewe ilianza kujengwa 1593, na zile pembe zake zimechongwa kwa ajili ya mizinga, ya kupiga na ya kupigwa. Waomani waliishinda zaidi kwa kuizuia, na waliokuwa ndani waliuawa na njaa na maradhi kuliko silaha. Manjaniki ilikuwa imeshastaafu.

Mzee wa Kijiweni

Na hapo Kiswahili kinasimulia vizuri kuliko kitabu. Neno la manjaniki lilitufikia kupitia vitabu na mihadhara. Hatukuliona jiwe. Lakini mzinga tuliuona kwa macho, na angalia tulivyouita. Mzinga ni gogo lililochimbwa ndani, linalotundikwa mtini nyuki waingie. Mtu wa pwani alipoona bomba la chuma lenye tundu mbele, linalonguruma na kutoa kitu kinachouma, hakuazima neno. Aliangalia juu ya mkorosho akasema hilo ni mzinga.

Wachina walifanya vivyo hivyo kwa njia ya maandishi. Alama ya "pao" ilikuwa na sehemu inayoonyesha jiwe. Ilipokuja baruti wakaibadilisha ile sehemu wakaweka moto, neno likabaki lilelile.

Nyuki Mkali

Kwa hiyo silaha kubwa ya Waswahili ina jina la nyumba yangu. Sasa nimefurahi.

Kalamu ya Tanga

Mzinga wenyewe siku hizi ni kuombana hela. Nyuki usije ukanipiga kizinga mwisho wa mwezi.

Fundi Spana

Swali la mwisho kutoka gereji. Kwa Wazungu lile manganon liliishia wapi?

Mzee wa Kijiweni

Lilitawanyika. Wahispania walilipata kwa Waarabu, wakalichukua pamoja na "al" yake: "almajaneque". Waturuki wanasema "mancınık", na hawakuishia vitani, gurudumu la kuvutia uzi wa hariri kutoka kwenye vifukofuko nalo waliliita hivyo. Waholanzi na Waingereza wakalipeleka kwenye dobi: mashine yenye magogo mawili ya kukamulia nguo. Waitaliano walikuwa na "mangano", mtambo, na mdogo wake "manganello" ni rungu. Hilo rungu ndilo wafuasi wa Mussolini walilowapigia wapinzani wao miaka ya 1920. Silaha iliyovunja kuta ikaisha kuvunja vichwa.

Na kuna tawi moja linaniuma. Warumi walikuwa na neno "mango". Wengi wanalihesabu katika ukoo huu, kwa ile maana ya kale ya kurembesha na kuhadaa. Mango alikuwa mchuuzi anayepaka bidhaa rangi ili iuzike. Hasa mchuuzi wa watumwa: anampaka mafuta mgonjwa ang'ae, anaficha kovu, anapeleka sokoni. Aliyekulia Bagamoyo au Mkunazini hahitaji kuelezwa huyo ni mtu wa namna gani.

Fundi, wewe usikate tamaa kuhusu cheo. Injinia linatokana na Kilatini "ingenium", akili ya kubuni, na zama za kati injinia alikuwa ndiye fundi wa mitambo ya kubomolea ngome. Waarabu nao walikuwa na "manjaniqi", mtu wa manjaniki. Mmoja, Ya'qub bin Sabir wa Baghdad, aliyefariki 1229, alikuwa fundi wake na mshairi pia, na jina la kazi ndilo lililobaki kuwa lakabu yake.

Fundi Spana

Fundi na mshairi. Nabadilisha jina humu kesho.

Ustadh wa Baraza

Tubaki na jambo la lugha. Tunasema manjaniki hii au manjaniki hili? Mimi nasema hii, na nyingi ni manjaniki hizi, kama bunduki. Sijui wenzangu.

Mombasa Damu

Hii.

Kalamu ya Tanga

Hii. Mwenye kusema hili atoke nje.

Bin Kitabu (mleta uzi)

Wakuu, nimewasoma wote na nimenufaika, Mungu awalipe. Al-Jawhari na mtambo wake wa kujisifu nimemrudisha rafuni kwa adabu.

Jana jioni nilimkalisha yule mjukuu. Nikachukua mwiko, kamba ya kiatu na kokoto, kopo la maziwa lililojaa mchanga likawa uzito, nikamwonyesha. Kokoto la tatu limevunja kioo cha kibatari cha bibi yake, hilo tuliache. Nikamweleza Wagiriki, Waarabu, hadi Wachina. Alisikiliza kimya, nikajua kaelewa. Kisha akaniuliza:

"Babu, kwa hiyo njaniki moja inarusha watu wangapi?"